Mgonjwa Haulizwi Uji

Miongoni mwa methali zetu iko moja isemayo kwamba mgonjwa haulizwi uji. Wazee waliotuachia methali hii walikuwa na maana njema. Mtu aliyelala kitandani kwa maradhi huona haya kuomba. Huwaonea huruma wanaomwuguza, naye akiulizwa kama anataka uji hujibu kwamba hataki, ingawa tumbo lake li tupu. Kwa hiyo asiulizwe. Apikiwe, apelekewe, anyweshwe. Fundisho hili la ukarimu ni moja ya nguzo za utamaduni wetu, kwa sababu jamii isiyojua kumwuguza mgonjwa wake bila kungoja kuombwa haiwezi kudai kwamba ina utu.

Lakini siku hizi methali hii imetolewa jikoni ikapelekwa mahali ambapo wahenga hawakuikusudia. Mgonjwa wa saratani haulizwi kama anataka kujua jina la ugonjwa wake. Haulizwi kama anakubali kupelekwa mbali, wala kama shamba lake liuzwe kwa ajili ya safari hiyo. Na dawa zinapokwisha kushindwa, haulizwi angependa siku zake za mwisho azimalizie wapi na mbele ya nani. Yote hayo huamuliwa na wengine, kwa mapenzi makubwa, nyuma ya mlango uliofungwa. Makala haya yanakusudia kuuliza kama jambo hilo ni la utu, na kama kweli ndivyo mila zetu zinavyotuagiza.

Nitaanza na kisa nilichokishuhudia mwenyewe. Sekei ni sehemu ya jiji la Arusha iliyo chini ya Mlima Meru. Zamani ilikuwa nchi ya migomba ya Waarusha. Leo nyumba za kupanga zimesongamana, lakini baina yake bado viko vishamba ambavyo wenyewe hawataki kuviachia. Katika kishamba kimojawapo aliishi mzee mmoja, jirani yetu, ambaye alianza kulalamika kwamba nyama inamkwama kooni. Baadaye ugali ukamkwama, kisha ndizi zilizopondwa, hata loshoro, chakula alichokulia tangu utoto, kikawa hakipiti. Hospitali ikagundua kwamba ana saratani ya umio. Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Ukanda wa mashariki ya Afrika, tangu Ethiopia na Kenya hadi Malawi, ni miongoni mwa sehemu za dunia ambako saratani ya umio huonekana kwa wingi, na wagonjwa wengi hufika hospitali wakati njia ya chakula imekaribia kuzibika na mwili umekwisha kudhoofika.

Daktari alimwita mwana mkubwa kando, akamweleza kwamba ugonjwa umeenea hata hauwezi tena kuondolewa kwa kisu. Mwana akaitisha kikao cha ukoo, nami nikaalikwa kwa haki ya ujirani. Tuliafikiana mambo mawili. La kwanza, mzee aambiwe kwamba ana vidonda vya tumbo. La pili, sehemu ya shamba iuzwe ili apelekwe India. Hakuna aliyepinga. Mimi pia sikupinga, kwa kuwa nilidhani kwamba kupinga kungeonekana kama kumhesabia mzee siku zake.

Siku chache baadaye, akiwa ameketi juani mbele ya nyumba, mzee aliwaona watu wawili asiowajua wakinyoosha utepe wa kupimia baina ya migomba yake. Akamwita mwanawe akamwuliza, "Tangu lini shamba la mtu aliye hai likapimwa naye hakuitwa?" Mwana akashindwa kujibu, machozi yakamtoka. Mzee hakufadhaika kama tulivyohofu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba habari hiyo alikuwa nayo zamani, maana koo lenyewe ni lake.

Ndipo akatamka matakwa yake, nayo yalikuwa matatu. Hospitali imfanyie lile tu litakalomwezesha kumeza, kisha arudishwe nyumbani. Shamba lisiuzwe. Na aitwe ndugu yake ambaye walikuwa hawasemezani kwa miaka mingi kwa sababu ya mpaka. Yote yalitendeka. Madaktari walimpitishia mrija katika umio, akaweza kunywa uji na maziwa kwa wiki kadhaa. Ndugu yake alikuja, wakaketi pamoja mchana kutwa. Kisha mzee akafariki kitandani pake. Baada ya mazishi mwanawe alinijia jioni, akaniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: "Mzee wangu, nieleze kweli, je, mimi nimemwua baba?"

Swali hilo lina maswali mawili ndani yake. La kwanza ni nani mwenye haki ya kuamua juu ya matibabu ya mtu anayekaribia mwisho wake. La pili ni wakati gani inafaa kusema kwamba matibabu yametosha. Tuyatazame moja baada ya jingine.

Wanaomficha mgonjwa ukweli wana hoja zao, na hoja hizo si za kudharauliwa. Husema kwamba neno la kifo huvunja moyo, na moyo ukivunjika mwili hufuata. Husema pia kwamba si adabu mtoto kumtangazia mzazi wake mauti. Lakini mara nyingi mgonjwa hujua. Hujua kwa maumivu yake, kwa mkanda wa suruali unaozidi kulegea, kwa wageni wanaonyamaza ghafla anapofungua macho. Tunapomficha hatumwondolei hofu, ila tunamwacha peke yake pamoja nayo. Yeye anajifanya hajui ili asituhuzunishe, na sisi tunajifanya hatujui ili tusimhuzunishe. Hivyo watu waliopendana maisha yao yote wanaagana kwa uongo. Imesemwa kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Tumezoea kumwambia mgonjwa methali hiyo, kumbe hata sisi wauguzaji inatuhusu.

Iko pia hasara ambayo kila Mwafrika ataifahamu. Kwetu maneno ya mwisho ya mzazi si maneno ya kawaida. Ndiyo yanayogawa mali bila ugomvi, yanayosamehe, yanayoonya, na yanayowabariki wajukuu. Lakini hakuna mtu anayetoa wosia ikiwa ameambiwa kwamba atapona wiki ijayo. Basi familia inayoficha ukweli kwa ajili ya heshima ya mzazi hujinyima yenyewe baraka za mzazi huyo, na mara nyingi hujirithisha kesi ya shamba itakayodumu miaka ishirini. Yule mzee wa Sekei asingeuona utepe wa kupimia, angalifariki akiwa bado hasemi na ndugu yake.

Huenda mtu akasema kwamba haya ni mawazo ya kigeni, ya nchi ambazo mgonjwa huonwa kama mtu mmoja tu, hutia sahihi yake kwenye karatasi, na jamaa zake hungoja nje. Jibu langu ni kwamba hatuna haja ya kuazima. Tutazame mila za hapa hapa Arusha. Mwanazuoni P. H. Gulliver, aliyefanya utafiti miongoni mwa Waarusha katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1963, alieleza jinsi watu hawa walivyomaliza mashauri yao. Hapakuwa na hakimu wa kulazimisha hukumu. Wenye shauri walikutana, kila mmoja akiwa na watu wa ukoo wake au wa rika lake nyuma yake, wakajadiliana hata yakapatikana maafikiano ambayo pande zote mbili ziliweza kuyapokea. Jamaa walimsaidia mwenye shauri kusema, hawakumwondoa barazani.

Ikiwa mpaka wa shamba haukuweza kuamuliwa bila mwenye shamba kuwapo, itakuwaje mwili wa mtu uamuliwe naye hayupo? Kikao cha ukoo ni hazina yetu, nami sipendi kife. Ni kikao kinachochanga fedha, kinachogawana zamu za kulala hospitali, kinachombeba mgonjwa mabegani barabara inapokuwa mbovu. Ninachosema ni kwamba mgonjwa arudishiwe kiti chake katika kikao hicho, na kiti hicho kiwe cha kwanza. Aulizwe taratibu, na mtu anayemwamini, ni kiasi gani angependa kuelezwa. Akisema kwamba hataki kusikia, na kwamba mwanawe aamue kwa niaba yake, neno hilo liheshimiwe, kwa sababu hapo amekwisha kuamua. Kumkabidhi mwingine mzigo wako ni tofauti na kunyang'anywa.

Haki hii inawapasa wanawake zaidi ya wote. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa kuwapata wanawake wa Tanzania, lakini ni mara ngapi tumeona mke akingoja nyumbani huku mume, shemeji na mkwe wakijadili kama apelekwe Dar es Salaam au asipelekwe? Mwanaume hudharauliwa kwa kutoulizwa mara moja tu, yaani anapougua. Mwanamke wengi wamemzoesha kutoulizwa tangu ujana wake, hata ugonjwa unapomfikia haoni ajabu. Tukisema kwamba utu ni tunu ya taifa, na tuupime utu huo kitandani kwa mama.

Sasa tulitazame swali la pili. Wakati gani inafaa kusema kwamba matibabu yametosha? Hapa lazima tuseme wazi kwamba saratani nyingi hutibika zikigunduliwa mapema, na kwamba mtu anayekata tamaa kabla ya kumwona daktari anajidhulumu. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, iliyomo katika majengo ya hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, kwa miaka mingi ilikuwa mahali pekee nchini palipotolewa tiba ya mionzi, na wako watu wengi wanaotembea leo kwa sababu walipanda basi mapema kwenda huko. Ninayemzungumzia hapa ni mgonjwa ambaye daktari mwaminifu amekwisha kusema kwamba kisu, mionzi na dawa haviwezi tena kuurudisha nyuma ugonjwa wake.

Kwa mgonjwa kama huyo, mara nyingi sisi hutafuta muujiza. Mwaka 2011 mkoa wetu wa Arusha ulishuhudia jambo hilo kwa ukubwa usiosahaulika. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alitoa kikombe cha dawa katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa bei ya shilingi 500, na maelfu ya watu kutoka Tanzania nzima na nchi jirani wakamiminika huko kwa magari na hata kwa helikopta. Wako walioondoka vitandani hospitalini, na wako waliofia njiani na katika foleni. Sikusudii kumhukumu mzee huyo, aliyefariki mwaka 2021, wala kuwacheka waliokwenda. Mtu anayezama hushika hata unyasi. Ila tujiulize: wale waliofia ndani ya magari porini, mbali na nyumbani, je, safari ile ilikuwa yao au ilikuwa yetu? Mara ngapi tunamsafirisha mgonjwa ili baadaye watu wasije wakasema kwamba hatukufanya kitu?

Hofu hiyo ya maneno ya watu ndiyo inayouza mashamba. Nao watu wa Mlima Meru wanajua thamani ya ardhi. Mwaka 1951 Serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi, nao wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952, kulisema shauri hilo mbele ya dunia. Watu waliovuka bahari kwa ajili ya ardhi hawaiuzi kwa wepesi. Wakiiuza kwa ajili ya mgonjwa, basi mapenzi yao ni ya kweli. Lakini mapenzi ya kweli pia huhitaji kuelekezwa. Mzazi aliyetunza shamba kwa ajili ya wajukuu, akiulizwa, aghalabu hatakubali ligeuzwe nauli ya safari ambayo mwisho wake unajulikana.

Viongozi wa dini nao wamelifikiria jambo hili. Mwaka 1957 Papa Pius wa 12, akizungumza na madaktari, alifundisha kwamba mtu anawajibika kutumia njia za kawaida za kuuhifadhi uhai, wala halazimiki kutumia njia zisizo za kawaida ambazo ni mzigo mzito kwake au kwa wengine. Alikubali pia kwamba ni halali kumpa mgonjwa dawa ya kutuliza maumivu, hata kama dawa hiyo huenda ikapunguza siku zake, mradi nia si kumwua. Hapa ndipo ulipo mpaka ambao haupasi kuvukwa. Kumwua mgonjwa, hata kama ameomba mwenyewe, kumekatazwa na sheria ya nchi yetu na kunapingana na dini zetu. Lakini kuacha tiba isiyofaa tena si kuua. Anayeua katika hali hiyo ni ugonjwa.

Taifa zima liliwahi kufundishwa jambo hili. Mwalimu Julius Nyerere alipokuwa tayari mgonjwa wa saratani ya damu aliendelea kuyaongoza mazungumzo ya amani ya Burundi, yaliyoanza mwaka 1998 hapa Arusha. Tarehe 14 Oktoba 1999 akafariki katika Hospitali ya St Thomas', London, akarudishwa kuzikwa kwao Butiama. Alipata matibabu ya hali ya juu, lakini matibabu hayo nayo yalifika kikomo. Hakuna Mtanzania mwenye akili anayeweza kusema kwamba kikomo hicho kilikuwa dalili ya kutompenda Mwalimu. Kwa nini basi maskini wa Sekei ajilaumu kwa kikomo kile kile?

Hata hivyo, kuacha kutafuta kuponya si kuacha kutunza, na hapa ndipo tunapopungukiwa. Wengi wetu tukisikia kwamba mgonjwa amerudishwa nyumbani tunafahamu kwamba ametupwa. Sivyo inavyopasa kuwa. Mwaka ule ule wa 1967 ambapo Azimio la Arusha lilitangazwa, mwanamke daktari aitwaye Cicely Saunders alifungua huko London nyumba ya St Christopher's kwa ajili ya wagonjwa wasioweza kupona, akaonyesha kwamba maumivu yao yanaweza kutulizwa na kwamba siku zao zilizobaki zina thamani. Wazo hilo lilifika Nairobi mwaka 1990, na Kampala mwaka 1993, ambako Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na mofini ikatengenezwa kuwa maji ya kunywa ambayo mgonjwa huyatumia nyumbani kwake. Uganda baadaye iliwaruhusu hata wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika dawa hiyo, ili iwafikie watu wa vijijini wasio na daktari. Hapa kwetu huduma hii imepewa jina la tiba shufaa, na Hospitali ya Kilutheri ya Selian, iliyoko Ngaramtoni upande wa magharibi wa jiji letu, ni miongoni mwa zilizotangulia kuipeleka hadi majumbani.

Mofini inaogopwa, na watu hunong'ona kwamba anayepewa amekwisha kuhukumiwa. Lakini imo katika orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1977, na mwaka 1986 shirika hilo lilieleza jinsi maumivu ya saratani yanavyotulizwa: dawa itolewe kwa mdomo, kwa saa zilizopangwa, na kwa kupanda ngazi kadiri maumivu yanavyozidi. Ikitumiwa hivyo, mtu aliyekuwa akilia usiku kucha huweza kulala, kuzungumza, kusali na kuagana. Tulikuwa tayari kuuza shamba kwa ajili ya safari ya India, lakini katika kikao chetu cha Sekei hakuna hata mmoja aliyeuliza kama mzee ana dawa ya maumivu ya usiku ule. Hilo ndilo kosa letu, nami nalikiri kwa kuwa nilikuwapo.

Yule kijana nilimjibu hivi. Baba yako hakuuawa na wewe. Aliuawa na saratani. Wewe ulifanya jambo gumu kuliko kuuza shamba: ulikubali kumsikiliza. Ulimpa hospitali alipoihitaji, ukamrudisha nyumbani alipotaka, ukamletea ndugu yake. Kama kuna neno la kukulaumu, ni zile siku chache za mwanzo tulipomdanganya, na hilo tulilifanya wote. Alinisikiliza, akanyamaza. Sijui kama nilimwondolea uzito wote moyoni, kwa sababu majonzi hayana hesabu. Lakini najua kwamba kesi ya mpaka iliyokuwa ikingojewa na mawakili haikufika mahakamani.

Basi methali yetu tuihifadhi, lakini tuirudishe mahali pake. Uji tuendelee kuupika bila kungoja kuombwa, na atakayepita njiani asikie harufu yake kutoka kila nyumba yenye mgonjwa. Lakini juu ya kisu, safari, shamba, na kitanda cha mwisho, mgonjwa aulizwe. Aulizwe mapema, kabla sauti haijakauka. Na akiulizwa, asikilizwe, hata kama jibu lake litatuuma.